Tupeni saa na upande wa upepo: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari yetu

Kwenu waheshimiwa mlio na dhamana ya hali ya hewa, uvuvi na usalama wa vyombo baharini, Bara na Visiwani, na kwenu wakuu wa mikoa na wilaya za mwambao wa Tanzania.

Shikamooni.

Mimi ni karani wa diko, mahali vyombo vya wavuvi vinapotokea na kurudi. Kazi yangu ni daftari. Chombo kimetoka saa ngapi, kina watu wangapi, kimerudi saa ngapi, kimeleta nini. Kila ukurasa una safu ya "kutoka" na safu ya "kurudi", na kwa miaka yote niliyokaa pale nimejifunza kutolala vizuri mpaka safu ya pili ijae. Nawaandikia kwa ajili ya usiku mmoja wa demani iliyopita.

Ulikuwa usiku wa giza la mwezi. Wavuvi wa dagaa huyangoja magiza hayo mwezi mzima, kwa sababu ndipo taa zao zinapovuta samaki. Vyombo kumi na vinne vilitoka kati ya saa 10 na nusu na saa 11 na nusu jioni, maji yakiwa yamejaa. Matlai, ule upepo wa mashariki wa mchana, ilikuwa imeshalegea. Hakuna nahodha aliyesita, na sikuona kwa nini asite. Demani ndiyo miezi tunayoiamini: kusi imeshachoka, kaskazi haijaanza, bahari inalala.

Saa 4 na dakika 20 usiku simu yangu ikalia. Ilikuwa picha ya ramani ya nchi, mwambao umepakwa rangi ya njano, na chini yake maandishi madogo. Niliyavuta kwa vidole viwili ndipo nikayasoma: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi. Picha hiyo ilikuwa imepita makundi matatu ya WhatsApp kabla ya kunifikia, na kila ilipopita ilizidi kufifia. Nikainua macho. Nje ya mwamba taa za dagaa zilikuwa zimejipanga kama kijiji. Kule simu haishiki. Na hata ingeshika, manahodha wetu wengi wanatumia vitochi, na kitochi hakifungui picha.

Upepo ulifika saa 9 usiku, na ulifika wote kwa mara moja. Mlango wa banda ulipigwa ukafunguka, na hewa iliyoingia ilikuwa ya baridi kuliko usiku wa pwani unavyokuwa. Taa kule nje zikaanza kuzimika moja moja, maana yake wanakunja nyavu. Tisa kati ya vyombo vile vilikuwa karibu, na manahodha wao wakawahi kuingia kabla ya saa 10 na nusu alfajiri, maji yakiwa bado yamejaa kwenye mlango wa mwamba. Vitano vilikuwa na nyavu majini, au vilikuwa mbali. Hivyo vilifika mlangoni kumepambazuka, maji yameanza kupwa.

Wenye dhamana wasiowahi kukaa pwani naomba nilieleze hili taratibu, kwa sababu ndiyo kiini cha barua yangu. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yote hayo, yakipwa, yanatoka kupitia mlango mwembamba kati ya mwamba na mwamba. Yakikutana na mawimbi yanayoingia kutoka kusini, mawimbi hayo husimama wima, yanakaribiana, yanavunjika. Wimbi ambalo nje lingekuinua na kukushusha bila madhara, mlangoni linakupiga. Mita 2 za saa 10 alfajiri na mita 2 za saa 12 asubuhi, pale pale mlangoni, si kitu kimoja.

Mashua ya nne ndiyo iliyopatwa na ajali. Wimbi liliinyanyua tezi kule nyuma, omo ya mbele ikatumbukia, chombo kikageuka ubavu na kujaa. Kilikuwa na watu tisa na jaketi okozi mbili. Wengine walishika maboya ya nyavu. Chombo kilichokuwa nyuma yao kiliwarushia kamba kikiwa chenyewe hatarini, na ilipofika saa 2 asubuhi wote tisa walikuwa mchangani. Kijana wa mwisho kutolewa alikuwa amejizungushia kamba ya boya kifundoni mwa mkono mara tatu. Vidole vyake havikunyooka. Tukaikata ile kamba kwa kisu cha kuparia samaki, na alama zake anazo hadi leo.

Hakufa mtu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekuja kuuliza. Mashua ilivunjika mwambani, nyavu zikaenda, injini ikabaki chini ya maji, na nyumba zaidi ya ishirini zilizokuwa zikila kutoka kwenye chombo kile zikaanza kutafuta pa kula. Mimi kwenye safu ya kurudi niliandika: "Watu 9. Chombo hakuna." Hakuna fomu yoyote niliyopewa yenye mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Sasa naomba nieleweke. Sikuandika kuulalamikia utabiri. Utabiri ulikuwa wa kweli. Upepo ulisemwa na upepo ukaja, mawimbi yalisemwa na mawimbi yakaja. Wataalamu wetu wa hali ya hewa wanafanya kazi ambayo babu zetu wangeiona ni uganga. Ninachosema ni kwamba utabiri ule wa kweli, kwa jinsi ulivyotufikia sisi, haukuwa na saa, haukuwa na upande upepo utakakotoka, na haukusema ni sehemu gani ya mwambao itapigwa kwanza. Mambo hayo matatu ndiyo nahodha anayoyahitaji ili aamue. Na si mambo yasiyojulikana.

Nimejitahidi kuuelewa upepo huu unatoka wapi. Mwezi Septemba na Oktoba, sisi tukiwa kwenye demani, nchi za kusini kabisa mwa Afrika ziko kwenye majira ya machipuko. Baridi yao haiondoki kwa siku moja. Hewa baridi inapanda kutoka bahari ya kusini, ukingo wake unajichomeka chini ya hewa yenye joto na kuisukuma juu, inapita Cape Town na kufuata pwani kwenda Durban. Nyuma ya ukingo huo hujengeka mgandamizo mkubwa wa hewa, na mgandamizo huo ndio unaousukuma upepo uelekee kaskazini kupitia mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska. Ile baridi yenyewe inachoka njiani, inapashwa joto na bahari, na ikifika kwetu haina tena sura ya baridi ya Cape Town. Kinachofika ni msukumo: kusi inayoamka kwa ghafla, na mawimbi yake.

Kwa hiyo upepo uliompiga yule kijana mlangoni haukuzaliwa usiku ule. Ulikuwa njiani kwa siku kadhaa. Setelaiti zinauona ukingo ule ukiwa bado uko kusini mwa Cape. Ukifika Tanzania, unaanza Mtwara. Kutoka Mtwara hadi Tanga, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 600. Upepo haumpigi mvuvi wa Mtwara na mvuvi wa Pangani kwa dakika moja. Lakini ramani iliyonifikia ilikuwa imepakwa njano kutoka mpaka hadi mpaka, kana kwamba mwambao wote ni diko moja.

Naomba mwambao ukatwe. Kusini iwe Mtwara na Lindi hadi Kilwa. Katikati iwe Mafia, delta ya Rufiji na Dar es Salaam. Kaskazini iwe Bagamoyo, Pangani na Tanga. Unguja na Pemba zipewe taarifa yao, na ikiwezekana pwani ya mashariki ya visiwa itenganishwe na ya magharibi, maana mtu wa Makunduchi na mtu wa Malindi ya mjini Unguja hawaangalii bahari moja. Kila sehemu iambiwe: upepo unaanza kati ya saa hii na saa hii, unatoka upande huu, utatulia lini. Wataalamu wakitaka kuweka masaa sita ya wasiwasi kati ya mwanzo na mwisho, waweke. Nahodha anajua kuishi na wasiwasi wa masaa sita. Asichoweza kuishi nao ni wa siku tano.

Upande nao si pambo. Nahodha akiambiwa kusi inakuja, anajua atakimbilia kaskazini mwa kisiwa gani na atatia nanga wapi. Upepo ukitoka mashariki, pale pale alipokuwa salama panakuwa mtego. Kilomita 40 kwa saa bila upande ni sawa na kumwambia mtu kuna gari linakuja barabarani bila kumwambia linatokea wapi.

Na hizo kilomita 40 nazo zinahitaji maneno. Upepo ukiongezeka kutoka 20 hadi 40, watu wanadhani umezidi mara mbili. Nguvu yake kwenye tanga na kwenye ubavu wa chombo imezidi mara nne. Kwa meli ya abiria hilo ni mtikisiko. Kwa ngalawa ni kupinduka. Taarifa moja ikiwasemesha wote wawili kwa sentensi moja, mmoja wao hajasemeshwa.

Kuna jambo la saa ya kutangaza, na hili waheshimiwa linanisumbua kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha ni jambo dogo mno. Utabiri wa saa 24 tumezoea kuusikia baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na unaanza kuhesabiwa saa 3 usiku. Huo ni muda mzuri kwa mkulima atakayeamka asubuhi, na kwa mwenye ofisi anayetaka kujua achukue mwavuli. Wavuvi wa dagaa saa 2 usiku wako baharini tangu saa 11 jioni. Kila usiku wa giza, katika madiko mengi ya mwambao huu, tunawasomea tahadhari watu ambao wameshaondoka. Naomba taarifa ya bahari iwe na wakati wake yenyewe, itoke kabla ya saa 8 mchana, wakati mafuta hayajamiminwa kwenye tangi, barafu haijanunuliwa, na nahodha bado amekaa chini ya mti wa mkungu anashona nyavu.

Nasema mafuta na barafu kwa sababu ndiyo yanayoamua. Tajiri mwenye chombo akishatoa mafuta, safari imeshaanza hata kama chombo bado kiko kwenye mchanga. Mabaharia wanalipwa kwa mgawo, na siku ya kukaa haina mgawo. Mnapotoa angalizo la siku tano kwa mwambao mzima, na siku ya kwanza na ya pili jua likawaka na bahari ikawa kioo kwetu kwa sababu upepo ulikuwa bado uko Msumbiji, mabaharia wanakaa siku hizo mbili bila kitu, siku ya tatu wanasema "hawa watu wa hali ya hewa wanatutisha tu," wanatoka. Na siku ya tatu ndiyo yenyewe. Si ukaidi. Ni hesabu ya mtu mwenye watoto. Nimewasikia viongozi wakisema kwenye redio kwamba wavuvi hawasikii tahadhari. Njooni msikie tahadhari inavyosikika ukiwa umesimama pale diko.

Mwaka 2024 tulionyeshana kwamba tunaweza. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, siku za mwanzo za mwezi Mei, taarifa zilikuwa zinatoka mara kwa mara, kila moja inasema kimefika wapi, kiko umbali gani na kinaelekea wapi. Mpaka watoto walikuwa wanajua. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari, vyombo vikavutwa juu, watu wa Mafia na Kilwa wakajiandaa. Mei 4 kikafika Mafia. Wazee wa Lindi waliokuwa wakisimuliwa kimbunga cha Aprili 1952 wanajua kulala bila habari kulikuwaje. Ile kazi ya 2024 nawashukuru kwa moyo wote, na ninajua kuna watu ofisini ambao hawakulala.

Ila kimbunga kina jina, na kitu chenye jina kinaheshimiwa. Kusi ya ghafla haina jina. Inakuja mara kadhaa kwa mwaka, haivunji madaraja, haiingii kwenye vichwa vya habari, na kila inapokuja inachukua ngalawa mbili hapa, mashua moja kule, mtu mmoja, nyavu za watu kumi. Sijawahi kuona mahali ambapo hasara hizo ndogo zimejumlishwa. Naamini zikijumlishwa mtashtuka. Na haichukui wavuvi peke yao. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, mchana kweupe, bahari imechafuka kwa upepo wa msimu huo huo wa kusi. Tangu siku ile abiria wa Nyamisati na Kilindoni huangalia vilele vya minazi kabla ya kupanda boti.

Nisiwasahau kina mama. Mawimbi marefu kutoka kusini mara nyingine yanafika kabla ya upepo wenyewe. Bahari inaonekana tulivu, haina povu, lakini inapumua: inajaa, inashuka, kwa nafasi ndefu. Siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, wanawake wanakuwa mbali juu ya mwamba wanatafuta pweza, na wenye mwani wanakuwa kwenye kamba zao. Wimbi la namna hiyo halina kelele. Linakuja likiwa limeshafika magotini. Kwao taarifa ya "mawimbi yanayofikia mita 2" haina maana, kwa kuwa hakuna mita 2 za maji pale waliposimama. Wao waambiwe: kesho, maji yakiwa yametoka, msiende ukingoni.

Mnaweza kusema haya ni makubwa, yanahitaji fedha. Baadhi yake yanahitaji, ndiyo. Lakini si mapya. Ziwa Victoria, kupitia mradi wa HIGHWAY ulioanza mwaka 2017, wavuvi wa nchi zinazolizunguka walianza kupewa utabiri uliogawanywa kwa sehemu za ziwa na kwa vipindi vya siku, wenye nguvu ya upepo na upande wake. Kituo kikubwa kinachosaidia utabiri wa ziwa lile kiko Dar es Salaam, mji wa bahari yetu hii hii. Ujuzi tunao nyumbani.

Na ukitaka la zamani kabisa, mwaka 1861 Uingereza, chini ya Robert FitzRoy, mkuu wa idara yao ya hali ya hewa, walianza kutundika ishara kwenye milingoti ya bandari zao ili kuwaonya mabaharia. Mojawapo ilikuwa na umbo la koni. Ncha ikiwa juu, dhoruba inatoka kaskazini. Ncha ikiwa chini, inatoka kusini. Habari ilikuwa inasafiri kwa waya wa telegrafu kutoka London hadi kwa mtu mmoja bandarini ambaye kazi yake ni kuvuta kamba. Hawakuwa na setelaiti, hawakuwa na simu, mvuvi wao asiyejua kusoma aliinua macho akajua upande. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Kwetu, rangi mnazo tayari: njano ya angalizo, chungwa ya tahadhari, nyekundu ya tahadhari kubwa. Zitoeni kwenye ramani mziweke kwenye mlingoti. Kila diko lipewe bendera tatu na alama ya upande, na taa nyekundu ya sola ya kuwashwa usiku. Hiyo taa ndiyo naitamani zaidi. Usiku ule wa demani, kati ya saa 4 na dakika 20 na saa 9, nilikuwa na karibu saa tano mkononi. Ningekuwa na taa juu ya mlingoti ningeiwasha, na vyombo vyote kumi na vinne vingeiona, kwa sababu wao wanaiona hata taa ya msikiti wetu wakiwa kule. Nilichokuwa nacho ni tochi ya simu. Niliipunga. Sijui kama kuna aliyeiona; asubuhi hakuna aliyeitaja, nami sikuuliza.

Anayevuta bendera awe mtu anayejulikana na alipwe. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi tunavyo Bara, na kamati za wavuvi ziko Zanzibar, ila haviwezi kuendeshwa kwa moyo wa kujitolea peke yake mwaka baada ya mwaka. Apewe simu, apokee ujumbe mfupi wa maandishi usiozidi mistari mitatu, kwa Kiswahili cha pwani. Aandikiwe "kusi", "matlai", "bamvua", "maji mafu", maneno ambayo kila baharia anayajua tangu utotoni. Kwenye taarifa nyingi naona "vipindi vya upepo mkali" na "mgandamizo". Ni Kiswahili safi, sikipingi, lakini hakina chumvi. Na kwa wasiosoma, redio za jamii zilizoko mwambaoni zitangaze mchana, zirudie.

Tena habari zisiteremke tu, zipande pia. Kusi ikipiga Mtwara, wa kwanza kuijua ni mvuvi wa Mtwara. Awe na namba ya kupiga, apokelewe, na habari yake ifike Kilwa ndani ya dakika kumi. Leo hii tunafanya hivyo kwa ujamaa wetu: mimi nina binamu upande wa Msimbati, na mara mbili amenipigia akaniambia "funga vyombo." Mara zote mbili alikuwa sahihi. Usalama wa mamia ya watu usitegemee kama karani ana binamu au hana. Wazee pia waulizwe. Mzee mmoja wa kwetu aliniambia jioni ile ile kwamba kusini kumefunga, na kwamba asubuhi umande, ule upepo utokao nchi kavu, haukuvuma kama unavyovuma. Nilimwitikia "naam mzee" nikaendelea kuandika. Jambo hilo nalibeba.

Najua pia kwamba mnakaa ofisi tofauti. Hali ya hewa ni ya Muungano, na sheria yake ya 2019 inahusu nchi nzima. Uvuvi una wizara yake Bara na wizara yake Zanzibar. Usalama wa vyombo una shirika huku na mamlaka kule. Mikoa na wilaya zina kamati za maafa. Kila mmoja nikimsoma naona anafanya sehemu yake, na tahadhari inapita kutoka meza hadi meza kwa heshima zote. Ila kati ya meza ya mwisho na mchanga hakuna mtu ambaye, chombo kikipinduka, ataulizwa: ulimwambia nahodha saa ngapi? Mteueni mtu huyo katika kila wilaya ya mwambao. Jina lake libandikwe dikoni.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwezi Machi 2022 kwamba ifikapo 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari za mapema. Pwani ya Tanzania Bara ina urefu wa takriban kilomita 1,400. Mwaka 2027 ukifika, nitapenda kujua mmehesabu vipi: waliotumiwa, au waliofikiwa kabla ya saa 11 jioni.

Daftari zangu zote ninazo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, haziliwi na unyevu. Zina kila usiku ambao upepo uliwahi kutugeuzia vyombo, saa uliyoanza, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Mtaalamu yeyote akizihitaji, nitamsomea ukurasa kwa ukurasa, maana mwandiko wangu wa usiku ni mbaya. Akija, aje siku za giza, afike saa 9 alasiri, akae nasi mpaka vyombo vitoke. Kuna benchi chini ya mkungu. Nitamwonyesha mahali tunapotaka mlingoti usimame. Tumeshapima, unaonekana hadi nje ya mwamba.

Wenu,
Karani wa diko, mwambao wa kusini